Watu wa Karatasi wa Kaanaeli

Bibi yangu Kaanaeli alikusanya karatasi. Si vitabu wala barua, bali karatasi zenye picha, zile ambazo watu wengine waliwashia moto wa asubuhi. Alianza akiwa msichana, wakati wa Mjerumani, hapa hapa kwenye mteremko wa Mlima Meru, mahali ambapo karatasi ilikuwa adimu kuliko chumvi. Leo nasikia kuna watu wanaosafiri mbali kununua vitu vya aina hiyo na kuvitia ndani ya vioo, na ndugu zangu hawaishi kuniuliza kwa nini Bibi hakutuachia hata kopo moja la karatasi zake. Nakasirika wakiuliza, maana jibu nimeshawapa mara kumi. Basi hii ni mara ya kumi na moja, na ninaiandika ili nisisumbuliwe tena.

Alikuwa na miaka kumi na minane hivi. Mchana alifua na kupiga pasi katika nyumba ya mchungaji Mjerumani pale misheni, na jioni alihudhuria darasa la ubatizo. Alikuwa hajabatizwa bado, lakini jina la Kaanaeli alikuwa ameshajichagulia, na ukimwita kwa jina lingine haitiki. Jambo hilo lilimuudhi sana mama yake, Namnyaki, ambaye alikuwa amempa jina zuri tu siku alipozaliwa. Alikuwa mkaidi, na mimi sina haja ya kuficha hilo, kwa sababu ukoo mzima umeurithi ukaidi wenyewe.

Mke wa mchungaji, ambaye watu wote walimwita Bibi Mchungaji, alikuwa akipokea vifurushi kutoka kwao Ulaya. Ndani mlikuwa na soksi, vitabu vya nyimbo, na mara nyingine karatasi kubwa zilizochapwa picha za watu. Msichana amesimama na shimizi yake, na pembeni zimepangwa nguo zake zote: gauni la kanisani, koti la baridi, kofia tatu. Unamkata msichana kwa mkasi, unazikata na nguo. Kila nguo ina ndimi ndogo za karatasi mabegani za kukunjia nyuma, kwa hiyo unamvisha na kumvua upendavyo. Watoto wa Bibi Mchungaji walikuwa wamekua na kupelekwa shule Ulaya, na wanasesere hao wa karatasi walikaa tu sandukuni. Siku moja alimpa Kaanaeli karatasi moja, kwa sababu alikuwa amepiga pasi mashuka ya nyumba nzima bila kuunguza hata moja. Kaanaeli alifurahi mpaka akasahau kushukuru, ikabidi arudi kesho yake kushukuru.

Toka siku hiyo hakuna karatasi iliyompita. Alitembea hadi Arusha na mkungu wa ndizi kichwani, asubuhi nzima na kipande cha mchana, akaubadilisha kwenye duka la Mhindi karibu na Boma, ile ngome ya serikali, kwa kibandiko kimoja kilichobanduliwa kwenye robota la kitambaa cha amerikani. Kilikuwa na picha ya tembo aliyevaa taji. Mwenye duka alidhani anataniwa, akamwongezea kiberiti kwa kumhurumia. Kaanaeli alitoka nje, akawagawia wapita njia njiti zote, akabaki na ganda, maana lilikuwa na picha ya ndege.

Karatasi iliyokunjamana aliinyoosha kwa pasi ya mkaa ikikaribia kupoa, juu yake ameweka kitambaa chenye unyevu. Iliyochanika aliiunga kwa unga wa ngano aliouomba jikoni misheni. Zote alizitia ndani ya kopo pana la biskuti, safu kwa safu, na kati ya safu na safu jani kavu la mgomba. Alikuwa na malaika walionona, waliochapwa kwa kubinuliwa hata unaweza kuwapapasa mashavu. Alikuwa na mzee mnene mwenye kofia ndefu, ambaye viungo vyake vimeshikizwa kwa uzi. Ukivuta uzi, mikono na miguu inaruka juu kwa pamoja. Na alikuwa na wanasesere wenyewe, arobaini na mmoja, wanaume kwa wanawake, na nguo zao. Aliwaita "watu wangu." Akirudi kazini, kabla hajala, anawafungulia na kuwahesabu.

Sasa nifike kwenye kosa lake. Darasani vibao vya kuandikia vilikuwa sita na wanafunzi kumi na wanane, na Kaanaeli alikuwa na haraka ya kujua kuandika. Nyuma ya watu wake palikuwa peupe. Na mtu anayejifunza kuandika huandika nini kama si majina? Akawa anamtazama kila mtu wa karatasi, anatafuta jirani anayefanana naye, kisha anaandika jina la jirani mgongoni. Mwanamke aliyeshika mwavuli kama anataka kumpiga nao mtu akawa Sinyati, jirani yao wa upande wa juu. Bwana mwembamba anayenusa ua akawa mwalimu Thomasi, aliyewafundisha darasani. Mzee mnene wa uzi akawa Lerionka, mkubwa wa ukoo, kwa sababu ya tumbo.

Na palikuwa na kijana mwenye koti la kijani na unyoya kofiani, mwanamume pekee katika kopo lile aliyekuwa na nguo tatu za kubadilisha. Huyo alimpa jina la Parsimei, mwana wa Sinyati. Parsimei alikuwa amerudi karibuni kutoka kazini kwenye shamba la mzungu upande wa Kisongo, na alimletea Kaanaeli karatasi ya chokoleti aliyoiokota huko, yenye picha ya mlima wenye theluji. Aliibeba njia nzima ndani ya kofia isije ikakunjamana. Alipompa alisema, "Nadhani ni Meru, ila aliyeuchora hajawahi kuuona." Bibi alituambia miaka yote kwamba alimpa kijana wa koti la kijani jina lile kwa sababu walifanana shingo. Shingo!

Lazima nieleze jambo moja hapa, la sivyo mtasema wazee wetu walikuwa wajinga, nami sitaki kulisikia hilo. Siku zile karatasi iliyomfikia mtu wa kawaida ilikuwa ya aina moja, nayo ni kipande. Mshili, yaani mkubwa wa ukoo, alipeleka majina Boma, na Boma ikatoa karatasi yenye jina lako na visanduku thelathini. Ukishaandikwa, unakwenda shambani kwa mzungu, upende usipende, mpaka visanduku vijae alama, kimoja kwa siku moja. Hakuna aliyeandikwa akabaki nyumbani kwake. Kwa hiyo mtu aliposema kwamba karatasi yenye jina lako inaweza kukuvuta, hakuwa anazungumza uchawi. Alikuwa anasema alichokiona kwa macho.

Ikawa wiki moja tarishi wa mshili amempelekea Parsimei kipande cha pili, wakati cha kwanza hakijapoa. Aondoke Jumatatu. Siku ile ile kilipoletwa kipande, Sinyati, mama yake, akashuka kwa Namnyaki kuazima chungu. Kaanaeli alikuwa kazini, na Namnyaki, ambaye mbele ya binti yake aliziita zile karatasi uchafu, mbele ya wageni alizionea fahari. Akafungua kopo. Sinyati akashangaa, akacheka, akamgeuza kijana wa koti la kijani aone nyuma kuna nini, akakuta maandishi. Alikuwa hajui kusoma, ila maandishi alikuwa ameyaona kwenye kipande cha mwanawe asubuhi ile. Akaondoka na ile karatasi moja kwa moja hadi kwa mwalimu Thomasi.

Mwalimu Thomasi alikuwa na ugonjwa wake: akiona maandishi lazima ayasome kwa sauti kubwa. Akasoma, "Parsimei." Hakuuliza yametoka wapi.

Kufika alasiri mteremko mzima ulikuwa umeshajua kwamba binti wa Namnyaki anawaandika watu. Kopo lilichukuliwa na kupelekwa kwa mshili Lerionka, ambaye alisema Jumamosi litachomwa moto uani kwake, mbele ya watu wote, na maneno yaishe.

Kaanaeli alilia kama aliyefiwa. Miaka miwili ya kutembea, kuomba, kunyoosha na kuunga, yote ikatiwe motoni kwa sababu alitaka kujua kuandika! Alimwambia mama yake, "Mama, wakiwachoma watu wangu, mimi nitabaki na nini?"

"Utabaki na mikono miwili na mashuka ya wazungu," Namnyaki akasema. Lakini alfajiri ya Jumamosi ni yeye mwenyewe aliyekwenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, kukata isale.

Isale ni lile jani refu tunalolipanda mipakani. Ukimkosea mtu ukampelekea isale, hana ruhusa ya kukukatalia msamaha, hata kama umeichoma nyumba yake. Kaanaeli alilichukua akapanda nalo kwa Sinyati. Sinyati alimwona kwa mbali, akajua kinachokuja, akakimbilia ndani upande wa mbuzi. Maana kama hujaliona isale, basi hujaombwa.

"Hodi, mama," Kaanaeli akasema mlangoni.

"Sinyati hayupo!" Sinyati akajibu kutoka kwa mbuzi.

Parsimei alikuwa nje akipasua kuni. Akaegemeza shoka. "Nimesikia umeniandika," akasema.

"Ndiyo."

"Na umenivisha nini?"

"Koti la kijani," Kaanaeli akasema, akiangalia chini. "Lakini una nguo nyingine tatu."

"Tatu!" Parsimei akajitazama lile shuka lake moja. "Basi huko kwenye kopo naishi vizuri kuliko hapa." Akacheka, na Kaanaeli, aliyekuwa na macho mekundu, akajikuta anacheka pia. Kutoka ndani Sinyati aliuliza anayechekwa ni nani, na mbuzi mmoja akalia.

Kufika saa nne ua wa Lerionka ulikuwa umejaa. Moto ulikuwa umeshawashwa, na kopo liko juu ya kigoda. Kaanaeli alipita katikati ya watu akalaza isale miguuni pa mshili. Akasema amewakosea wote, hakujua, na hajawahi kupeleka jina la mtu popote.

Mshili aliliokota jani. "Msamaha umepata," akasema. "Karatasi ni jambo lingine. Karatasi zinaungua." Akatia mkono koponi, akatoa ya kwanza, akampa Thomasi. "Soma, ili watu wajue kinachochomwa."

"Sinyati," mwalimu akasoma, kwa sauti ya kanisani.

Mshili akanyoosha mkono kuelekea motoni. Sinyati akapiga ukelele uliowashtua kuku wa ua ule. "Unanichoma? Unanichoma mimi, mimi nimesimama hapa nakutazama?"

Hapo ndipo watu walipoanza kufikiri. Kama jina kwenye karatasi linamvuta mtu hadi Kisongo, je, jina kwenye moto litampeleka wapi? Elisaria, mzee wa nyuki, mtu mpole asiyewahi kusikika mkutanoni, akasema kama yake imo humo anaomba aitoe kwanza kabla ya lolote. Mwingine akasema na yake. Wakaanza kusukumana. Mshili akainua mikono akasema vizuri, moto basi, hakuna wa kuchomwa. Kopo litakaa nyumbani kwake, yeye mwenyewe atalilinda.

 Kisha Resiato, kikongwe aliyekuwa amezaa watoto tisa na kuwazika waume wawili, na ambaye hakuwa na cha kuogopa tena, akasema kutoka alipoketi, "Wewe? Wewe ndiye unayepeleka majina Boma. Tukuachie na kopo ambalo limeshaandikwa?"

Watu wakacheka kwa kuficha midomo. Mshili akajifanya hajasikia, akatoa karatasi nyingine koponi. Ilikuwa mzee mnene wa uzi. Thomasi akaigeuza, akafungua mdomo, akaufunga. Kwa mara ya kwanza maishani mwake maandishi yalimshinda kusoma.

"Soma," mshili akasema.

"Le," Thomasi akasema. "Le... Lerionka."

Kaanaeli alitamani ardhi immeze. Mshili alimchukua yule mzee, akamtazama tumbo, akamtazama kofia, akauona uzi. Akauvuta. Mikono na miguu ikaruka juu. Akauachia ikashuka. Akauvuta tena, polepole, na mikono na miguu ikaruka tena.

"Ndivyo Boma wanavyomvuta," Resiato akasema.

Aliyeanza kucheka ni mke mkubwa wa mshili. Alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. Mshili alimtazama kwa ukali, akajitazama tumbo, akamtazama yule wa karatasi, na kicheko kikamtoka bila ruhusa yake, kicheko kikubwa cha mtu mnene, na ua mzima ukamfuata. Alipopata pumzi akafuta machozi, akamfutika mzee wa uzi kwenye nguo yake, ndani kabisa. "Huyu," akasema, "hakai kwa mtu mwingine."

Na hilo ndilo lililokata shauri. Kama mshili amechukua yake, basi kila mtu na achukue yake. Thomasi akaita majina, watu wakajitokeza mmoja mmoja, na Kaanaeli akawapa mikononi pamoja na nguo zao, akiwaonyesha jinsi ya kukunja ndimi za mabegani zisichanike. Ghasia ikaanza upya. Mke wa Elisaria akataka kujua kwa nini shemeji yake ana kofia tatu na yeye ana moja. Thomasi akageuza yake mara nne akauliza kwa nini ananusa ua, yeye amewahi kuonekana wapi ananusa ua? Sinyati akamvua mwanamke wa mwavuli koti, akamvika gauni la kanisani, akamvika koti tena juu yake, akasema sasa amependeza.

Kisha wakaja wale ambao hawakuandikwa, na hao ndio waliokuwa na hasira kweli. "Mimi nimekukosea nini hata usiniandike?" Ikabidi Kaanaeli aombe kalamu ya mwalimu, akae chini, aandike. Waliwamaliza wanasesere, wakachukua malaika. Waliwamaliza malaika, wakachukua vibandiko. Mtu mmoja aliondoka na tembo wa taji ana jina lake mgongoni, ameridhika kabisa. Hata ganda la kiberiti lilikwenda, na ule mlima wa chokoleti pia.

Saa saba hivi kopo lilikuwa tupu. Majani makavu ya mgomba tu ndiyo yaliyobaki. Watu walikuwa wanacheka uani kote, wanaonyeshana, wanabadilishana kofia, na katikati ya furaha ile Kaanaeli aliketi na kopo mapajani. Halikuchomwa, alikuwa amesamehewa, hakuna aliyemchukia. Ila watu wake arobaini na mmoja walikuwa wamekwisha. Alisema baadaye kwamba aliona haya kulia mbele ya watu wenye furaha, akalia hivyo hivyo.

Ilikuwa imebaki karatasi moja tu. Sinyati alikuwa hajaiachia tangu ile siku ya kwanza; alikuwa ameishika kifuani. "Na hii ni ya mwanangu," akasema. "Parsimei, njoo uichukue, tuiweke mahali ambapo hakuna mkono utakaoifikia."

Parsimei alikuja akaipokea. Alimtazama kijana wa koti la kijani mbele na nyuma, akamnyoosha unyoya wa kofia uliokuwa umepinda. Kisha akapita kati ya watu hadi alipoketi Kaanaeli, akainama, akamlaza ndani ya kopo juu ya majani.

"Jumatatu nakwenda Kisongo, karatasi ya Boma imeniita," akasema, akiwageukia watu. "Siku thelathini. Hii nyingine mwachieni Kaanaeli. Yeye akiniita, nitarudi."

Hakuna aliyeuliza ana maana gani. Wazee wakatazamana. Resiato akapiga kofi moja gotini mwake. Kaanaeli akalifunika kopo kwa mikono yote miwili, kama kuna mtu anataka kumnyang'anya, akasahau kufuta machozi.

Sinyati alisimama pale na mwanamke wake wa mwavuli mkononi. Akamtazama mwanawe, akamtazama Kaanaeli, akalitazama lile jani la isale lililokuwa bado kwa mshili. Mwishowe akamgeukia Namnyaki, akamuuliza kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, "Mwenzangu, mgombani kwako ndizi za pombe zimekomaa? Za kwangu peke yake hazitatosha."

"Zimekomaa," Namnyaki akasema. "Lakini mwenye kuposa ndiye anayepika pombe. Za kwangu haziguswi. Nenda katafute."